Bei ya Yokohama, Barabara ya Manguredjipa

Mnunuzi wa gari mjini Butembo, mashariki mwa Congo, siku hizi anafika kwa muuzaji bei ikiwa tayari mkononi. Anafungua simu na kuonyesha picha ya Toyota Probox nyeupe iliyoegeshwa kwenye yadi huko Yokohama. Chini ya picha pameandikwa bei, na kando yake kuna kialama kinachosema kwamba bei hiyo ni nzuri kuliko za wenzake. "Papa, ku telefone iyi gari iko ku elfu tatu. Weye unaniitisha elfu nane?" Muuzaji anatoa lile jibu ambalo kila mtu wa biashara hii amechoka kulitoa: "Mukubwa, ile ni bei ya kule. Gari iko hapa." Mazungumzo yanakwama, na mara nyingi kila mmoja anaondoka akiamini mwenzake alitaka kumlia pesa yake.

Ninavyoona mimi, wote wawili wamedhulumiwa, na aliyewadhulumu hayupo pale. Kialama kile kimetoa hukumu juu ya bei bila kulijua gari lenyewe, bila kuijua njia litakayopita, na bila kumjua yeyote kati yao. Kwa mnunuzi wa Boston au Manchester kinaweza kuwa msaada wa kweli. Kwa mtu anayetaka gari la kubebea kakao kutoka Manguredjipa hadi Butembo, kinaweza kumgharimu akiba yote ya familia.

Kukadiria bei za magari yaliyotumika si jambo la juzi. Kule Marekani, Kelley Blue Book ilichapisha kitabu chake cha kwanza cha bei mwaka 1926, na kwa miongo mingi kitabu hicho kilikuwa chombo cha wafanyabiashara wenyewe. Kilichobadilika karne hii ni msomaji, pamoja na namna anavyosomeshwa. CarGurus, kampuni iliyoanzishwa Massachusetts mwaka 2006, haikuishia kumpa mnunuzi orodha ya bei. Ilimpa hukumu: kila tangazo linabandikwa daraja, kuanzia bei safi sana, bei nzuri na bei ya haki, hadi bei ya juu na bei iliyopita kiasi. Auto Trader ya Uingereza ina alama zake za namna hiyo, na mobile.de ya Ujerumani vilevile. Hesabu iliyo nyuma ya alama hizi inafanana kotekote. Programu inakusanya matangazo ya magari ya aina moja, inaangalia mwaka, kilomita, vifaa na mahali gari lilipo, inakisia gari kama hilo lingetangazwa kwa kiasi gani, kisha inapima umbali kati ya makisio hayo na bei aliyoandika muuzaji.

Pale ambapo magari yanafanana na matangazo ni maelfu kwa maelfu, hesabu hiyo ina nguvu, na sina sababu ya kuibeza. Lakini hata kule ina udhaifu wa aina tatu ambao msomaji wa Butembo anapaswa kuujua, kwa sababu unafika kwetu ukiwa umekua maradufu.

Wa kwanza ni kwamba programu inasoma bei za matangazo. Bei ambayo watu wawili walikubaliana baada ya kuketi na kubishana haionekani popote. Mtu aliyetangaza kwa 5,000 akauza kwa 4,200 anabaki kwenye kumbukumbu kama mtu wa 5,000. Tena wauzaji wakishajua kwamba alama inawapandisha au kuwashusha kwenye orodha, na kwenye CarGurus daraja la bei ni mojawapo ya mambo yanayoamua nani aonekane juu, wataandika bei wakiilenga alama. Kesho programu inakusanya bei hizo na kuziita soko. Kwa hiyo sehemu ya kile inachokisikia ni mwangwi wa sauti yake yenyewe.

Wa pili unamhusu mnunuzi moja kwa moja. Muuzaji anayetaka alama ya kijani anaweza kuandika bei ya chini, halafu akaongeza ada mezani: ada ya karatasi, ada ya matayarisho, kifaa ambacho hakuna aliyekiomba. Mtindo huo ulienea Marekani kiasi kwamba mnamo Desemba 2023 tume ya biashara ya serikali kuu, FTC, ilitoa kanuni ya kumlazimisha muuzaji wa magari kutaja bei kamili tangu mwanzo. Wauzaji walikwenda mahakamani, na Januari 2025 mahakama ya rufaa iliifuta kanuni hiyo kwa hoja kwamba taratibu za kuiandaa hazikufuatwa. Uingereza ilichukua njia yake: tangu Aprili 2025 sheria mpya ya walaji inakataza kumtangazia mtu bei isiyo na ada za lazima. Nchi hizo zenye barabara za lami na mahakama za kukimbilia bado zinapigania jambo moja tu, kwamba bei inayoonyeshwa iwe ndiyo bei inayolipwa. Tulikumbuke hilo tunapokishusha kialama kile mpakani Kasindi.

Udhaifu wa tatu ndio mzito kuliko yote, na ulielezwa kabla intaneti haijafika kwa mtu yeyote. Mwaka 1970 mwanauchumi George Akerlof aliandika makala kuhusu soko la magari mabovu, kazi iliyochangia apewe Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hoja yake, kwa kifupi: muuzaji analijua gari lake, mnunuzi halijui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutofautisha zima na bovu, anakubali kulipa bei ya wastani tu. Bei ya wastani haimtoshi mwenye gari zima, kwa hiyo anajitoa sokoni, na wanaobaki ni wenye mabovu. Wastani unashuka tena, na wazuri wengine wanaondoka. Sasa jiulize kialama cha bei kinafanya nini katika soko kama hilo. Kisipoona ubovu, gari bovu lililotangazwa kwa bei ya chini linapata kijani, na gari zima la bei inayolistahili linapata nyekundu. Yaani kinamsukuma mwaminifu nje haraka zaidi, huku kikimwambia mnunuzi kwamba anasaidiwa.

Tulitazame hili kwa karibu, maana hapa ndipo wanunuzi wetu wanapopotelea. Magari mengi ya Japani yanayotufikia hupita kwanza kwenye minada ya kule, na mkaguzi wa mnada hujaza karatasi ya ukurasa mmoja kwa kila gari. Juu, pembeni, kuna daraja: 5, 4.5, 4, 3.5, 3, kwenda chini. Badala ya namba inaweza kuandikwa R au RA, maana yake gari liliwahi kuumia na kutengenezwa. Sehemu nyingine kuna mchoro wa gari lililofunuliwa kama ngozi iliyotandazwa, na juu ya mchoro kumeandikwa herufi ndogo. A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipowahi kunyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa: A1 hauonekani mpaka usogee, W3 unauona ukiwa umesimama mbali.

Sasa chukua Probox mbili za mwaka mmoja na kilomita zinazokaribiana. Moja ina daraja 4, A1 mlangoni, hakuna zaidi, na imetangazwa kwa dola 3,300. Ya pili ina R, XX kwenye bodi ya mbele kushoto, W2 ubavuni, S chini ya mlango wa nyuma, na imetangazwa kwa 2,600. Programu isiyosoma karatasi ya mnada itasema ya pili ndiyo bei safi. Fundi yeyote wa Butembo atakayepewa karatasi hizo mbili atakuambia, bila hata kuomba kalamu, kwamba ya pili imegongwa mguu wa mbele, tairi zake zitaliwa upande mmoja, na kwenye mashimo ya njia ya Manguredjipa kupitia Njiapanda chasisi yake itaanza kulia kabla mwaka haujaisha. Ile tofauti ya 700 ataimaliza kwenye rotili na amotiseri. Taarifa ipo na imeandikwa, na ukimwomba muuzaji wa Japani karatasi hiyo, wengi wataitoa. Alama ndiyo inayomfanya mnunuzi aone hana haja ya kuiomba.

Kilomita nazo zina ushahidi wake. Cheti cha usafirishaji nje kinachotolewa Japani huonyesha kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi wa serikali. Gari ambalo cheti chake kinasema 140,000 na dashibodi yake inasema 82,000 halihitaji mjadala. Ila programu inachukua namba iliyoandikwa na muuzaji kwenye tangazo, na kwa kuwa kilomita chache hupandisha makisio ya bei, aliyerudisha mita nyuma ndiye anayezawadiwa.

Nije kwenye njia. Bei ile ya elfu tatu kwenye simu kwa kawaida ni FOB, maana yake gari limefikishwa melini huko Japani na hapo hesabu ya tangazo inaishia. Bado kuna nauli ya meli hadi Mombasa na bima yake. Kuna gharama za bandari, na siku zinavyozidi pale bandarini ndivyo ada zinavyozidi. Kuna wakala wa kusafirisha mali ya transiti na dhamana inayowekwa ili gari lisiuzwe njiani Kenya au Uganda. Kuna dereva, mafuta yake na chakula chake kwa zaidi ya kilomita 1,500 kupitia Nairobi, Kampala na Kasese hadi Mpondwe. Ukivuka mto unakutana na Kasindi, na hapo DGDA, yaani forodha, ile tunayoiita duane, inataka ushuru wa kuingiza na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. OCC, ofisi ya udhibiti wa bidhaa, inataka haki yake ya ukaguzi. OGEFREM, ofisi ya usimamizi wa shehena, inataka ile karatasi ya taarifa za mzigo, FERI, ambayo ilipaswa kuombwa kabla gari halijafika. Kisha usajili na namba. Kutoka Kasindi hadi Beni ni kama kilomita 80, na kutoka Beni hadi Butembo 54. Mradi wa kuweka lami kwenye vipande hivyo ulizinduliwa Mpondwe Juni 2021 na marais Museveni na Tshisekedi, lakini lami haiondoi barieri za njiani.

Ukijumlisha yote hayo, ile elfu tatu ya simu na ile elfu nane ya muuzaji zinaweza zote mbili kuwa za kweli. Zinaweza pia zisiwe za kweli: muuzaji anaweza kuwa ametumia gharama hizi kama vichaka vya kujificha, akaongeza elfu nzima juu ya faida yake halali na kuitupia duane. Mnunuzi hana namna ya kujua. Kialama kimemwambia habari ya chini ya nusu ya pesa atakayotoa, na juu ya iliyobaki kimenyamaza kimya.

Wengine huona ni afadhali kulinganisha na Kampala, ambako ni karibu. Jiji inafanya kazi Uganda na Kenya, na kwenye matangazo yake ya magari huonyesha kiwango cha bei ya soko ili mtu ajue kama anayoiona iko juu au chini. Ni jambo la maana kwa mtu wa Kampala. Kwa mtu wa Butembo lina mtego wake. Gari lenye namba za Uganda limeshalipiwa kodi za Uganda, na ukilivusha Kasindi utaanza upya na duane ya Congo. Gari la transiti halikulipa kodi zile, linalipa za kwetu. Umri nao ni tofauti. Kenya haipokei gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8, na Uganda tangu 2018 imezuia kuingiza lenye zaidi ya miaka 15. Magari yanayopita tu kwenda Congo hayafungwi na mipaka hiyo, kwa hiyo kwetu yanaingia yaliyo mazee kuliko yale ambayo Kenya au Uganda zinaruhusu kuingizwa. Ukilipima gari la mwaka 2003 kwa kipimo kilichotengenezwa na magari ya 2017, jibu utakalopata halina maana yoyote.

Na tusisahau kwamba katika ukanda huu serikali nazo huzikadiria bei za magari. Mamlaka ya mapato ya Kenya, KRA, ina orodha ya bei za rejareja za magari mapya, maarufu kama CRSP, na kutoka hapo inakata uchakavu kwa miaka na kupata thamani ya kutozea kodi. Uganda ina orodha yake ya thamani elekezi. Tanzania, kupitia mamlaka yake ya mapato, TRA, imeweka kikokotoo mtandaoni: unaingiza aina ya gari, modeli na mwaka, na kinakuonyesha thamani inayotumiwa na mamlaka pamoja na kila kodi kwenye mstari wake. Mifumo hii ina kasoro moja kubwa. Mtu aliyepata gari kwa bei ya chini kihalali, au aliyenunua lililogongwa, bado anatozwa kwa bei ya orodha, kana kwamba serikali imemwambia hukununua kwa bei hiyo, unadanganya. Waagizaji wa Kenya walipiga kelele kubwa mwaka 2025 KRA ilipoleta orodha mpya, na walikuwa na haki ya kulalamika.

Hata hivyo, kati ya kialama cha kijani na kikokotoo cha TRA, mimi nachagua kikokotoo bila kusita. Kikokotoo kinaonyesha mistari. Ukiona mstari umekosewa, unaweza kuukataa kwa jina lake. Hukumu ya neno moja huwezi kuijibu, kwa sababu hujui imetoka wapi.

Mkulima wa kakao wa Manguredjipa anaijua hali hii kutoka upande wa pili. Mwaka 2024 bei ya kakao New York ilivuka dola 10,000 kwa tani, na kijana yeyote mwenye simu kwenye sekta yake ya Bapere aliweza kuiona. Alipoulizia bei ya kilo kwa mnunuzi wa pale kijijini, alitajiwa kitu kingine kabisa. Akaambiwa habari za barabara, unyevu, magunia, barieri, Butembo, Uganda, bandari. Mengine yalikuwa kweli na mengine yalikuwa wizi, na hakuna aliyemwekea hesabu mezani ili atenganishe. Leo mtu yuleyule anachukua pesa ya kakao, au ya dhahabu, anakwenda kununua gari, na anakutana na shimo lilelile kati ya bei ya dunia na bei ya mlangoni. Safari hii yeye ndiye anayelipa.

Gari atakalonunua linakwenda wapi? Swali hili halimo kwenye hesabu ya tovuti yoyote, na kwa Manguredjipa ndilo linaloanza. Ni mwendo wa karibu kilomita 100 magharibi ya Butembo, kwenye udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha unageuka sabuni, na malori yakikwama yanafunga njia kwa wote. Gari lenye kijani kwa sababu lina rimu pana na limeshushwa chini kidogo, sifa ambazo programu inaweza kuziongezea thamani, kwenye njia hii halifiki Njiapanda. Lililopandishwa resori, lenye tairi za lori dogo na bamba la chuma chini ya injini, kwa Japani limeharibiwa, na kwetu ndilo lililotengenezwa.

Halafu kuna usukani. Congo tunaendesha upande wa kulia, na magari yanayotoka Japani yana usukani kulia kwa ajili ya barabara za kushoto. Akitaka kupita lori, dereva hana anachokiona mpaka ametokeza nusu ya gari, na mara nyingi abiria wa mbele ndiye anayemwambia "pita" au "ngoja." Kwenye Hiace hali ni mbaya zaidi: mlango wa kusukuma uko kushoto, kwa hiyo kwetu mama aliyebeba mtoto anateremka katikati ya barabara, mbele ya motari, badala ya kuteremkia pembeni. Gari la usukani wa kushoto kutoka Dubai linauzwa ghali kuliko pacha wake wa Japani, na nyongeza hiyo ina sababu. Kulilinganisha na la Japani na kusema bei yake iko juu ni kuwaadhibu waliofikiria usalama wa abiria. Kwa haki ya upande mwingine, kutoka Dubai vilevile huja magari yaliyogongwa Marekani, yakafutwa na kampuni za bima, yakanyooshwa na kung'arishwa huko Ghuba. Namba ya chasisi ndiyo inayosema ukweli wake, na bei ya chini ndiyo inayoficha.

Kuna pia hatari ya njiani: tangu katikati ya 2024 mashambulizi ya waasi wa ADF yamefika hadi Bapere, watu wameuawa na magari na pikipiki zimechomwa moto. Bima ya lazima inamlinda uliyemgonga, haikurudishii gari lililochomwa. Mwenye kuuza gari kwa mkopo kwa mfanyabiashara wa Manguredjipa, alipwe kidogokidogo kakao ikiuzwa, ameibeba hatari hiyo pamoja na mnunuzi. Bei yake itakuwa juu. Haki gani inayotaka alinganishwe na yadi ya Yokohama inayodai pesa yote kabla gari halijapanda meli?

Hapa wauzaji wa Butembo wangependa nikomee. Siwezi, kwa sababu nakumbuka soko lilivyokuwa kabla ya simu. Mnunuzi aliingia gizani. Komisioneri alimpokea stendi, akampeleka kwa mtu mmoja, akaongeza lake juu ya bei, na mnunuzi hakujua hata gari lile huuzwa kiasi gani mahali pengine popote duniani. Mwalimu au muuguzi aliyeweka akiba miaka kumi alikuwa mawindo. Bei za mtandaoni zimemwondoa mtu huyo gizani, na muuzaji anayenung'unika kwamba wateja wamekuwa wabishi anasikitikia giza lile. Wauzaji wa Japani kama BE FORWARD na SBT wanaweka bei zao wazi kwa mtu wa Oicha sawasawa na kwa mtu wa Lusaka, na hilo ni jambo jema ambalo halipaswi kurudishwa nyuma.

Ninachokikataa ni hukumu. Namba ya bei iwepo, na picha, na mwaka. Neno "nzuri" liondoke, au lisubiri mpaka wa kulisema awe amelijua gari na hesabu yote. Kwenye vikundi vya WhatsApp vya magari vya Butembo na Beni, ambavyo ndivyo soko letu la mtandaoni hasa, tangazo la kawaida lina picha nne, maneno "gari safi kabisa" na namba ya simu. Lingeweza kuwa na picha ya karatasi ya mnada, namba ya chasisi, cheti cha usafirishaji chenye kilomita, risiti ya duane ya Kasindi, na orodha ya vilivyobadilishwa baada ya kufika. Vyote hivyo muuzaji halali anavyo kwenye faili. Kuvipiga picha ni kazi ya dakika tano.

Shirikisho la wafanyabiashara, FEC, lina ofisi Butembo, na wanachama wake wanajua barabara ya Mombasa kuliko wizara yoyote. Lingeweza kutoa kila mwezi makadirio ya gharama za kuleta gari dogo, la kati na lori kutoka Mombasa hadi Butembo, mstari kwa mstari, na mstari wa barieri ukiwemo kwa jina lake. Mnunuzi akiwa na karatasi hiyo na bei ya FOB kwenye simu, anaweza kukaa na muuzaji na kuuliza swali lenye maana: hii elfu moja hapa ni ya nini? Na duane ikiweka kikokotoo kama cha TRA, cha wazi, kwa Kifaransa na Kiswahili, basi hakuna tena wa kuongeza pesa kwa jina la duane.

Nimesikia pingamizi la wauzaji juu ya risiti. Wanasema wakiionyesha, mshindani atajua faida yao, na mteja ataikata. Ni kweli mteja ataikata kidogo. Lakini faida ya muuzaji aliyesafiri, akatoa pesa yake miezi mitatu kabla, akabadilisha rotili na amotiseri, akakubali kulipwa kwa mikupuo, na ambaye anajulikana anakosali Jumapili gari likizingua, ni faida inayoweza kusemwa mbele ya watu. Anayepaswa kuihofia risiti ni yule mwenye Probox ya R aliyoinunua kwa 2,600 kwa sababu ilikuwa na kijani, akaipaka rangi Butembo, na sasa anaitangaza kwa elfu nane sawa na ile ya daraja 4. Kwa hali ilivyo leo hao wawili wanaonekana sawasawa kwenye simu ya mnunuzi, na mara nyingi ni wa pili anayeuza kwanza, kwa kuwa anaweza kupunguza mia tano na bado akabaki na faida.